Bajeti imeongezwa, dawa hakuna: pesa za afya na elimu zinakwama wapi?

SWALI: Nilifundisha shule ya msingi miaka 34, sasa nimestaafu. Kila mwaka waziri wa fedha akisoma bajeti tunaambiwa afya na elimu zimepewa zaidi ya mwaka uliopita. Lakini mjukuu wangu yuko darasa la nne na bado hawezi kusoma aya moja akaielewa, na mimi nikienda zahanati naandikiwa dawa nikajinunulie mwenyewe. Juzi redioni nikamsikia mchumi akisema nchi maskini zijenge kwanza barabara, umeme na viwanda. Shule na hospitali nzuri zitakuja zenyewe tukishatajirika. Je, yuko sahihi? Na kama sivyo, mbona hizo pesa zinazoongezwa hatuzioni?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Umeuliza maswali mawili yanayovutana, na watu wengi hushika moja wakalitupa la pili. Wapo wanaopigania bajeti kubwa ambao hawataki kusikia habari ya pesa kupotea. Wapo pia wanaoona pesa zikipotea, wakaamua kwamba afya na elimu ni shimo lisilo na mwisho. Mimi nitakuambia yote mawili ni kweli. Pesa hizi zina faida kubwa kuliko karibu kitu kingine chochote ambacho serikali inaweza kununua, na bado sehemu kubwa yake inaweza kupotea bila mtu yeyote kuiba hata senti.

Tuanze na mchumi wa redioni. Hoja yake ni kwamba nchi tajiri zina watu wenye afya na elimu, kwa hiyo utajiri ndio chanzo. Mwaka 1975 Samuel Preston, mtaalamu wa masuala ya idadi ya watu, alichora mchoro uliolinganisha kipato cha nchi na umri wa kuishi wa watu wake. Kweli, kwenye nchi zenye kipato kikubwa watu waliishi zaidi. Lakini alipouweka mchoro wa miaka ya 1930 pamoja na ule wa miaka ya 1960, aligundua kwamba kwa kipato kilekile watu wa miaka ya 1960 waliishi miaka mingi zaidi. Alikadiria kuwa kukua kwa kipato kulieleza kati ya asilimia 10 na 25 tu ya ongezeko la umri wa kuishi katika kipindi hicho. Sehemu iliyobaki ilitokana na mambo yasiyongoja nchi itajirike: chanjo, dawa mpya, vita dhidi ya mbu, maarifa ya usafi.

Sri Lanka ndiyo mfano ninaoupenda zaidi. Katika miaka ya 1930, kwa kila vizazi hai 100,000 walikufa akina mama zaidi ya 1,500. Kufikia miaka ya 1990 idadi hiyo ilikuwa chini ya 100, na nchi ilikuwa bado maskini. Walisomesha wasichana, wakasambaza wakunga waliosomea kazi hiyo hadi vijijini, wakatoa huduma bila malipo. Kwa miaka mingi serikali yao ilitumia kwa afya takriban asilimia 2 tu ya pato la taifa. Mtu angewaambia wangoje viwanda kwanza, ni akina mama wangapi wangezikwa katika kungoja huko?

Kuna na hesabu nyingine ambayo Amartya Sen, mchumi wa India aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1998, ameieleza vizuri. Kufundisha na kuuguza ni kazi za watu. Nchi ikiwa maskini mishahara yake nayo ni midogo, kwa hiyo saa moja ya mwalimu au ya muuguzi inapatikana kwa bei ndogo kuliko itakavyopatikana nchi ikishatajirika. Barabara ni tofauti: lami, mitambo na mafuta vinanunuliwa kwa bei ya dunia, uwe tajiri uwe maskini. Anayesema tungoje utajiri ndipo tusomeshe anashauri tununue kitu kitakapokuwa kimepanda bei. Simaanishi barabara hazifai, maana mama mwenye uchungu wa kuzaa hafiki hospitali bila barabara. Ninachokataa ni ule mpangilio wa kwanza na baadaye.

Sasa nigeukie swali lako la pili, ambalo ndilo gumu, na nitalikalia zaidi.

Mwaka 1999 wachumi Deon Filmer na Lant Pritchett walilinganisha nchi nyingi na kuuliza kama serikali zinazotumia pesa nyingi zaidi kwa afya zina vifo vichache vya watoto. Jibu lao liliwashtua wengi. Ukishazingatia kipato cha nchi na mambo mengine machache, elimu ya wanawake ikiwa mojawapo, kiasi ambacho serikali inatumia kwa afya kilieleza sehemu ndogo mno ya tofauti ya vifo. Wapo waliolisoma hilo kama ushahidi kwamba pesa hazina kazi. Mimi nalisoma kama ushahidi kwamba jumla ya bajeti ni namba isiyokuambia karibu chochote mpaka ujue imenunua nini.

Indonesia itatusaidia kuliona hilo, kwa kuwa ilifanya mambo mawili tofauti kwa nyakati tofauti na yote mawili yakapimwa vizuri. Kati ya mwaka 1973 na 1979, ikiwa na pesa za mafuta, ilijenga shule za msingi zaidi ya 61,000. Mchumi Esther Duflo alipowafuatilia watoto wa maeneo yaliyopata shule nyingi zaidi, alikuta walisoma miaka mingi zaidi na ukubwani wakalipwa mishahara mikubwa zaidi. Matofali yalizaa. Kisha mwaka 2005 nchi hiyohiyo ikapitisha sheria ya kuwalipa walimu waliothibitishwa kitaaluma posho sawa na mshahara wao wa msingi, yaani kuuzidisha mara mbili. Watafiti walizifuatilia shule 360, baadhi zikiwa zimeharakishiwa posho hiyo. Baada ya miaka miwili na mitatu walimu walikuwa na furaha zaidi, wenye kazi za pembeni walipungua, na shida za pesa zilipungua pia. Alama za watoto hazikusogea.

Naomba usinielewe vibaya, Mwalimu. Najua mshahara wa mwalimu ni nini na najua ulivyoishi nao miaka 34. Walimu wale walistahili kulipwa vizuri kama wafanyakazi wengine wote. Ila pesa ile ilitolewa kwa mwalimu ambaye hakuna kingine kilichobadilika darasani kwake: mtaala uleule, msongamano uleule, watoto walewale walioachwa nyuma tangu darasa la kwanza. Mwaka 1973 kilichokosekana Indonesia kilikuwa shule, na pesa zikanunua shule. Mwaka 2005 kilichokosekana ili watoto waelewe kilikuwa kitu kingine, na pesa zikanunua kitu kilekile kwa bei kubwa zaidi.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wachumi wana istilahi ndefu kwa jambo hilo, lakini methali inatosha. Jaribio lililolithibitisha kwa uwazi kuliko yote ninayoyajua lilifanyika Tanzania mwaka 2013 na 2014, kwenye shule 350 za msingi. Shule za kundi la kwanza zilipewa ruzuku ya pesa kwa kila mwanafunzi zinunue zinachohitaji. Katika kundi la pili walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu mtihani wa kusoma na kuhesabu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata chochote ili liwe la kulinganishia. Ruzuku peke yake haikubadilisha alama za watoto. Bonasi peke yake ilileta matokeo mchanganyiko. Vilipokutana, alama zilipanda wazi, tena kwa kiasi kilichozidi ukijumlisha faida ya kimoja kimoja. Vitabu vilipata mtu mwenye sababu ya kuvifungua, na mtu huyo naye akapata vitabu.

Kenya nayo ilitoa somo chungu zaidi. Miaka ya 1990, katika wilaya za magharibi mwa nchi, shule kadhaa zilipewa vitabu vya kiada bure. Nani angepinga vitabu? Lakini kwa wastani alama hazikupanda. Mchumi Michael Kremer na wenzake walipochambua zaidi walikuta kwamba watoto waliokuwa tayari wanafanya vizuri ndio walionufaika. Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wao kilikuwa lugha ya tatu, na mtoto wa kawaida hakuweza kuvisoma. Pesa zilifika na vitabu vikafika, hakuna aliyeiba, na watoto wengi hawakupata kitu. Hapo ndipo mjukuu wako anapoingia, na nitarudi kwake.

Kwa upande wa afya jambo hili ni kali zaidi, kwa sababu ya namna bajeti inavyotumika mwaka unapokwenda. Tuseme zahanati moja inagharimu 100 kwa mwaka: 85 ni mishahara, 15 ni dawa, vipimo na mafuta ya gari. Katikati ya mwaka kodi inakusanywa pungufu na hazina inatafuta mahali pa kubana. Mshahara haubaniki, maana una sheria nyuma yake na una watu watakaoandamana. Riba ya madeni haibaniki pia, na katika miaka ya karibuni imekuwa ikila sehemu kubwa zaidi. Kinachobaki ni zile 15. Hazina ikitoa 5 badala ya 15 imeokoa sehemu ya kumi tu ya gharama. Lakini muuguzi asiye na dawa wala vipimo haendelei kutibu asilimia 90 ya wagonjwa aliokuwa akiwatibu. Anaandika kwenye vikaratasi. Karatasi unayopewa wewe zahanati ni matokeo ya uamuzi uliofanywa mbali, na mtu ambaye huenda aliamini anabana kidogo tu.

Nimewahi kukaa siku nzima kwenye kituo cha afya chenye jengo jipya kabisa, rangi bado inanuka, bamba la uzinduzi ukutani. Kulikuwa na muuguzi mmoja mwenye moyo wa ajabu, na kwenye rafu kulikuwa na paracetamol na glavu. Kufikia saa nane mchana foleni ilikuwa imekwisha, kwa sababu watu walikuwa wamepeana habari kwamba leo hakuna dawa. Jengo lile lilikuwa limeingia kwenye hesabu za nchi kama matumizi ya afya, kwa thamani yake yote.

Kinyume chake kinawezekana pia. Huko Udaipur, Rajasthan, nchini India, wazazi wengi hawakuwa wakikamilisha chanjo za watoto wao. Kwenye vijiji ambavyo havikufanyiwa chochote, watoto waliokamilisha walikuwa asilimia 6. Palipowekwa kambi ya chanjo ya uhakika kila mwezi, muuguzi akifika bila kukosa, walifika asilimia 18. Palipoongezwa kilo moja ya dengu kwa kila ziara, na sahani za chuma mtoto akimaliza chanjo zote, walifika asilimia 39. Utasema serikali maskini haiwezi kugawa dengu. Angalia hesabu: gharama kwa kila mtoto aliyekamilisha chanjo ilikuwa takriban dola 56 bila dengu, na dola 28 pamoja na dengu. Muuguzi na gari walikuwa wameshalipiwa, wakiwa na watoto wachache au wengi. Kile kiongezo kidogo ndicho kilichozifanya gharama zile kubwa zizae. Hazina inayobana dawa ili kuokoa pesa inafanya hesabu hii kinyumenyume.

Naona nisikwepe suala la wizi na utoro, maana ukweli nao upo. Uganda walifuatilia ruzuku ya shule za msingi kuanzia mwaka 1991 hadi 1995, na wakakuta kwamba kwa wastani asilimia 13 tu ya pesa zilizotoka wizarani kwa ajili ya matumizi ya shule yasiyo ya mishahara ndizo zilizofika shuleni. Shule nyingi hazikupata hata kidogo. Serikali ikaanza kutangaza magazetini na kwenye mbao za shule kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na kufikia mwaka 2001 sehemu iliyofika ilizidi asilimia 80. Kulikuwa na mabadiliko mengine ya usimamizi kipindi hichohicho, kwa hiyo singezipa mbao za matangazo sifa zote. Lakini jambo la kuandika namba mahali mzazi anapoweza kuisoma ni rahisi kiasi kwamba nchi isiyolifanya haina udhuru.

Kuhusu utoro, utafiti uliotembelea shule na zahanati za nchi sita kwa ghafla, miongoni mwake Bangladesh, Peru na Uganda, ulikuta asilimia 19 ya walimu na asilimia 35 ya watumishi wa afya hawapo kazini. Hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya mishahara ya afya inayolipia kiti kitupu. Wewe umekaa ndani ya mfumo huu na utajua zaidi yangu kwamba utoro una sababu nyingi: mshahara uliochelewa, safari ya siku mbili kwenda kuufuata, semina zisizokwisha, na wakati mwingine uzembe mtupu. Mimi naongeza moja: mtu anayekaa mahali ambapo hawezi kufanya kazi aliyoisomea hatimaye huacha kwenda. Upungufu wa dawa na utoro wa muuguzi hulishana.

Sasa kuna jibu ambalo limependwa sana tangu miaka ya 1980: wananchi wachangie. Mwaka 1987, mjini Bamako, mawaziri wa afya wa Afrika walikubaliana juu ya mpango ambao sehemu yake ilikuwa wagonjwa kulipia dawa ili pesa zirudi kwenye kituo na kununua dawa nyingine. Nia ilikuwa njema, na ukweli ni kwamba mahali pengine dawa zilipatikana zaidi. Hoja iliyozoeleka ilikuwa kwamba mtu hathamini cha bure. Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliijaribu hoja hiyo Kenya, kwenye kliniki za wajawazito, kwa vyandarua vyenye dawa. Bei ilipopanda kutoka bure hadi senti 60 za dola, bei ambayo bado ilikuwa na ruzuku kubwa, waliochukua chandarua walipungua kwa pointi 60 za asilimia, yaani watu 60 katika kila 100. Waliopewa bure waliendelea kuvitumia sawa na walionunua. Kwa huduma ya kinga, bei ndogo hupunguza wahitaji wengi na kuingiza pesa kidogo sana. Na chandarua cha jirani kinaua mbu ambaye angekuja kwako, kwa hiyo asipokichukua hasara si yake peke yake.

Minyoo ni hivyohivyo. Shule 75 za magharibi mwa Kenya zilipoanza kugawa dawa za minyoo, utoro wa wanafunzi ulipungua kwa karibu robo, na hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika kwa kuwa udongo waliouchezea ulikuwa na mayai machache. Wapo watafiti walioyachambua upya matokeo hayo na kuyapinga kwa sehemu, na mjadala ule ni wa haki. Hata hivyo wale watoto walipofuatiliwa miaka 20 baadaye, waliotibiwa kwa muda mrefu zaidi walikuwa na matumizi ya nyumbani yaliyo juu kwa asilimia 14 hivi. Dawa yenyewe haifiki dola moja kwa mwaka. Wizara ya elimu isingeiona kama matumizi ya elimu, na hapo ndipo mipaka ya wizara inapotugharimu: tumbo la mtoto halijui liko chini ya waziri gani.

Kwa matibabu makubwa, upasuaji au ugonjwa wa muda mrefu, hoja inabadilika. Hapo adui ni pigo la ghafla linaloifanya familia iuze shamba. Katika nchi zenye kipato cha chini karibu mbili ya tano ya gharama zote za afya hutoka mfukoni mwa mgonjwa, siku ileile anapougua, wakati ambao hawezi kujadiliana bei. Thailand mwaka 2002 iliamua kuwaingiza wote waliokuwa nje ya bima kwenye mpango mmoja unaolipwa na kodi, mgonjwa akichangia baht 30 tu kwa ziara. Tofauti ya vifo vya watoto wachanga kati ya mikoa maskini na tajiri ilipungua sana baada ya hapo. Nadhani somo lake kwa nchi nyingine ni kuhusu nani alipe: wakulima na wachuuzi hawana mwajiri wa kuwakata mchango kila mwezi, na nchi inayojenga bima yake yote juu ya michango yao itawaacha nje walewale waliokusudiwa. Kodi inawafikia kwa njia nyingine, kila wanaponunua kitu.

Kiasi nacho kina maana, na nisingependa uondoke ukidhani nasema bajeti zinatosha. Hazitoshi. Mwaka 2001 mjini Abuja wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na nchi nyingi hadi leo hazijafika hapo. Mwaka 2022 nchi zenye kipato cha chini zilitumia takriban dola 55 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka, wakati nchi tajiri zilitumia zaidi ya 8,000. Ada ya shule za msingi ilipofutwa, watoto walimiminika: Malawi mwaka 1994 walitoka milioni 1.9 wakakaribia milioni 3, Kenya mwaka 2003 wakatoka milioni 5.9 hadi 7.2. Ule ulikuwa ushindi, na sitamsikiliza anayeuita kosa. Lakini bajeti inayoongezeka kwa asilimia 5 wakati watoto wanaongezeka kwa asilimia 20 ni bajeti iliyopungua, na waziri anayesoma namba ya kwanza bila ya pili hajakudanganya ila hajakuambia yote. Uliza daima ni kiasi gani kwa kila mtoto, baada ya kuondoa mfumuko wa bei.

Uliza pia kama zilizotengwa zilitolewa, maana kati ya kutengwa na kutumika kuna safari ndefu. Shirika la Afya Duniani limeonyesha kwamba nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara huacha bila kutumika asilimia 10 hadi 30 ya fungu la afya. Pesa za robo ya kwanza hufika robo ya tatu, zabuni haziwezi kukamilika kwa wiki sita, mwaka unafungwa. Misaada iliwahi kuziba mianya hii, hasa kwa dawa za UKIMWI na malaria, na kwa hiyo hazina nyingi zikazoea kupeleka pesa zake kwingine. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, tuliona jinsi rafu zinavyoweza kuwa tupu kwa wiki chache.

Mwalimu, ukiweza kupata kitabu cha bajeti cha wilaya yako, usihangaike na jumla. Tafuta mstari wa dawa na vifaa tiba, kisha tafuta kiasi kilichotolewa kwenye mstari huohuo mwaka jana. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo ile karatasi uliyopewa zahanati. Kwa shule, tafuta ruzuku ya kila mwanafunzi na umuulize mwalimu mkuu tarehe aliyoipokea. Ukiwa na namba hizo mkononi, kwenye mkutano utajibiwa tofauti na mtu anayelalamika kwamba huduma ni mbovu.

Na mjukuu. Hayuko peke yake: Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2022 kwamba baada ya shule kufungwa kwa UVIKO-19, watoto 7 kati ya 10 wa miaka 10 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hawawezi kusoma na kuelewa hadithi fupi. Kazi nzuri kuliko zote ninazozijua kuhusu watoto wa namna yake imefanywa India na shirika la Pratham. Wanawapanga watoto wa darasa la tatu hadi la tano kwa kiwango chao cha kusoma, wala si kwa darasa lao: wa herufi pamoja, wa maneno pamoja, wa aya pamoja. Kwa muda fulani wa siku wanaacha mtaala kando na kufundisha pale mtoto alipo. Huko Uttar Pradesh, baada ya kambi fupi zilizochukua jumla ya siku 50 hivi, karibu nusu ya watoto waliweza kusoma aya, na katika shule zisizo na kambi ilikuwa takriban robo. Hakukuhitajika jengo. Kulihitajika mtu anayejua kufundisha kusoma, na saa moja au mbili kwa siku.

Mtu huyo nyumbani kwenu yupo. Mpime kwanza: mwonyeshe herufi, kisha maneno ya silabi mbili, kisha sentensi, kisha aya. Anapokwama, anzia hapohapo, hata kama ni mahali pa darasa la kwanza. Na ukiona kuna watoto wengine watano mtaani kwenu waliokwama palepale, wakae naye.